Jina Katika Kibuyu

Levis wa Odindo hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa injini za mashua, na kazi hiyo ndiyo iliyompeleka kisiwa cha Takawiri mwaka wa tisini na saba. Alimaliza kuitengeneza injini ya mtu, akaiwasha, akatoka nayo kwenda kuijaribu majini. Kabla ya magharibi mashua ilionekana ikizunguka mahali pamoja, injini ingali ikinguruma, wala hapana mtu ndani yake. Walimtafuta kwa nyavu, wakamtafuta kwa wapiga mbizi, wakamwomba Mola. Ziwa halikumrudisha.

Nyumbani kwao, katika kijiji kilicho kando ya Rongo, wazee wa ukoo walijua la kufanya, kwa kuwa msiba wa namna ile ulikuwa na kanuni yake tangu enzi za mababu. Mtu akifia majini na mwili wake usipatikane, hutafutwa tunda la mti uitwao yago, tunda refu na zito lililo kama mtu aliyelala. Huvikwa shuka, likalazwa kaburini, likaliliwa kama angaliliwa mwenyewe. Hapo maiti huwa amezikwa, na mjane huwa mjane.

Aliyekataa ni mama yake Levis, Nyakerario. Yeye alikuwa Mkisii, aliyeolewa na Odindo Mjaluo akiwa msichana, na Odindo alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Nicanor, ndugu mdogo wa Odindo, alimjia uani mara nyingi kumbembeleza, akimwita kwa Kijaluo mama wa Levis.

“Min Levis, huu sasa ni mwaka wa pili. Tuache tumlaze mtoto.”

“Mtamlaza nani? Tunda?”

“Ndiyo desturi.”

“Ni desturi yenu. Kwetu Kisii tunda huliwa na mtu huzikwa.”

“Na mkimkosa mtu, mwazika nini? Mkungu wa ndizi?”

“Afadhali ndizi, shemeji. Ninyi mnazika tunda asubuhi, na jioni mnakula samaki aliyemla mtu.”

Nicanor, ambaye hakuzoea kunyimwa neno la mwisho, alijikung'uta suruali akaondoka.

Aliyesimama kando akiyasikiliza yote hayo ni Emmaculate, mke wa Levis, binti wa kijiji cha Magunga. Kwake yeye shauri lile halikuwa la tunda. Mwanamke ambaye mumewe amekufa na hajazikwa ana mauti juu ya mwili wake, na mauti hayo humfuata aendako. Haingii nyumba ya mtu. Hampi mtu mkono. Barabarani anaweza kupita, lakini jua lisitue kabla hajarejea kwake. Na mama yake mzazi alikuwa amelala kitandani huko Magunga, anapungua siku hata siku kama mshumaa.

Dada yake, Liz, alikuja kumpa habari, wakazungumza uani, huyu huku na yule kule, ua wa michongoma ukiwa kati yao.

“Mama anauliza mbona huji.”

“Hukumwambia?”

“Nimemwambia. Husahau, akauliza tena.”

“Padre amesema niingie tu, hakuna neno.”

“Padre hana mama mgonjwa Magunga,” akasema Liz, kisha akatazama chini. “Mimi singekuzuia, dada. Lakini wewe mwenyewe ungeweza kuvuka kizingiti kile hali umebeba mauti, ukamkaribia vile alivyo?”

Wote wawili walijua kwamba Emmaculate hangeweza.

Ingekuwa ni ukaidi wa mama peke yake, huenda muda ungeulainisha. Lakini palikuwa na kibuyu.

Elkana, ndugu yake Levis, alikuwa amesoma ng'ambo, naye alifanya kazi Homa Bay katika maabara ndogo ya kuchunguza maji. Alimpenda mama yake, na kilio chake kilimkosesha raha. Basi Jumamosi moja baada ya ibada ya Sabato alikuja na kichupa cha maziwa, akaketi naye jikoni, Emmaculate akipepeta mtama mlangoni.

“Mama, ndani ya kila kilicho hai mna uzi mwembamba usioonekana, na Mungu ameuandika uzi ule kwa herufi nne tu. Herufi nne hizo zimetosha kumwandika ng'ombe, na mtama, na mimi. Kompyuta nayo huandika kila neno kwa tarakimu mbili, sifuri na moja. Mwalimu wangu wa ng'ambo anajua kuzigeuza mbili zile ziwe nne. Nilimpa jina la Levis, akaliandika katika uzi, akanitumia. Nami nimeutia uzi huo ndani ya vijidudu vigandishavyo maziwa, nilivyovichota katika kibuyu chako mwenyewe.”

“Vinakula jina?”

“Vinalibeba. Kila kimoja kikizaa, humwandikia mtoto wake jina lile lile. Lisomeke mwaka huu, lisomeke miaka mia.”

Nyakerario alikishika kichupa kwa mikono miwili. “Basi jina la mwanangu liko hai.”

“Liko hai, Mama.”

Hapo Elkana alikosea, na kosa lake halikuwa la elimu. Alinena kama mtu wa maabara, akasikiwa na mzazi. Kibuyu cha maziwa ya mgando, kwa akina mama wa pande zile, hakioshwi kikaisha. Hubakizwa kidogo chini, na hicho kidogo ndicho kiyageuzacho maziwa mapya ya kesho. Nyakerario alikimimina kichupa ndani ya kibuyu chake kikubwa, akakitundika juu ya jiko, na tangu siku ile akakoma kulia. Nicanor alipokuja tena na habari za yago, alimjibu kwa upole, “Mtu aliye hai hazikwi.”

Kila asubuhi alikamua, akamimina, akatikisa. Kila asubuhi alikizungumzisha kibuyu kwa Kikisii, taratibu, akinyamaza kati ya neno na neno kama ampaye mtu nafasi ya kujibu. Mwanzoni Emmaculate alimwonea huruma. Huruma ile ikawa kitu kingine.

Kwanza ilikuwa sauti. Maziwa yakichachuka hutoa hewa, na kizibo hupumua. Hilo kila mpishi analijua. Lakini kibuyu hiki kilipumua kwa mpango, kikavuta na kutoa, na Nyakerario akinyamaza nacho kilinyamaza. Kisha ikawa harufu. Kibuyu kilifukizwa moshi wa mkaa kama vibuyu vyote, na maziwa yake yalipaswa kunuka moshi; yakanuka majani ya ziwani yaliyooza, na ndani ya harufu hiyo, mbali sana, harufu ya petroli. Kisha ikawa jasho. Katika kiangazi, juu ya jiko lenye moto, ubavu wa kibuyu ulitiririka maji.

Jirani mmoja aliyepewa maziwa kidogo ya kugandishia alirudi nayo siku ya pili. “Watoto wangu wamekataa,” akasema. “Wanasema yana mtu.”

“Watoto wako hawana adabu,” akajibu Nyakerario, akayapokea, akayarudisha kibuyuni bila kupoteza tone.

“Onja, mokamwana,” humwambia mkwewe. “Mumeo amekuwa mzito leo.”

“Nimeshiba, Mama.”

“Kila siku umeshiba. Utakonda, aje anilaumu mimi.”

Liz alipokuja mara ya pili na kusema kwamba mama yao sasa hali chochote ila uji wa kijiko, Emmaculate alipanda gari la kwenda Homa Bay. Maabara ilikuwa ndani ya nyumba ya mtu, na yeye haingii nyumba ya watu. Basi alisimama barazani, nje ya dirisha la vioo vya kupachika, akamwita Elkana.

“Shemeji, kichemshe kibuyu kile. Ukiona huwezi, niambie nikichemshe mimi. Kisha umwambie Mama jina limekufa.”

Elkana alikuja dirishani, uso umemshuka. “Nimchemshe ndugu yangu?”

“Unaona? Hata wewe umeanza kusema hivyo.”

Elkana alivitazama vichupa vyake mezani. “Kusema nisilolijua siwezi, shemeji. Lakini niletee maziwa. Kiumbe kidogo kama kile hakipendi kubeba mzigo usio na faida kwake. Vizazi vikipita huuangusha. Pengine jina limeshafutika. Nikikuta hivyo nitamwambia mwenyewe, na itakuwa kweli tupu.”

“Na ukilikuta?”

“Tuombe nisilikute.”

Nyakerario, alipoambiwa kwamba Elkana anataka kulisoma jina, alijaza kichupa kwa mkono wake, na Emmaculate akakipeleka. Elkana alichota mara mbili, akafanya kazi ile mara mbili mbali mbali, kama ilivyo ada ya wachunguzi, ili kosa la mkono wa kwanza lisahihishwe na wa pili. Ilichukua siku nyingi. Mwisho wake alimtumia ujumbe aje, kwa kuwa kusoma kunahitaji watu wawili: mmoja wa kutamka na mmoja wa kuandika, na mwenzake wa maabara alikuwa safarini.

Emmaculate aliketi barazani, mgongo ukutani, karatasi gotini, jua la saa nne likimulika mlima wa Asego. Ndani, Elkana alikuwa ameibandika filamu yenye picha ya uzi juu ya kioo cha dirisha. Aliweza kuiona kutoka nje: karatasi ya kijivu yenye njia nne zilizosimama, na katika kila njia vipande vyeusi, kimoja juu ya kingine, mfano wa ngazi nne zilizokatika vidato.

“Kila njia ni herufi yake,” akasema Elkana. “Nitapanda kutoka chini. Kila herufi nne za uzi ni herufi moja ya watu. Ufunguo wake ni hiyo karatasi nyingine. Andika tu.”

“Sema.”

“C, A, T, A.”

Aliangalia ufunguo, akaandika: L.

“C, A, C, C.”

E.

Mkono wake ulianza kuwa mzito, kwa maana alijua linakokwenda. Herufi kwa herufi lilipanda kutoka mle ndani ya maziwa, halikupungua nukta: LEVIS WA ODINDO. Alilitazama jina la mumewe limeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe, na mbele ya macho yake ukapita mlango wa Magunga, umefungwa.

“Limo,” akasema.

Elkana alivuta pumzi. “Baada ya hapo niliweka alama ya mwisho. Baada ya alama ni herufi za kijidudu chenyewe, hazisomeki, ni kama makapi. Nitazisoma kidogo tupate kuona mpaka, kisha tumalize.”

“Haya.”

Alisoma. Alisoma kama asomavyo mtu aliyechoka, bila kungoja. Emmaculate aliandika N, akasema moyoni ni bahati. Akaandika A. Akaandika S. Elkana alikuwa akiendelea kupanda ngazi yake, sauti moja, herufi baada ya herufi, naye hakujua anachokitamka, kwa kuwa ufunguo haukuwa mikononi mwake. Penseli ilikwenda. Wakati fulani Emmaculate alitaka kumwambia anyamaze, lakini herufi zilikuwa zikija upesi. Kisha ngazi ikawa makapi kweli, alama zisizo maana, na Elkana akakoma.

“Umeuona mpaka?”

Emmaculate aliipitisha karatasi kati ya vioo vya dirisha.

Palikuwa pameandikwa: LEVIS WA ODINDO, halafu alama, halafu NASIKIA BARIDI.

Nje, mwanamke alipita na beseni la dagaa wa omena kichwani, akiimba bei yake, akapotea pembeni. Elkana alikuwa hajainua macho.

“Umeandika wewe?” akauliza hatimaye.

“Wewe ndiye uliyesoma.”

“Mimi sikuandika maneno haya. Mwalimu wangu hakuyaandika. Hajui Kiswahili, shemeji. Jina lenyewe nilimtajia herufi moja moja.”

“Ile ya pili,” akasema Emmaculate. “Soma ile ya pili.”

Akaiondoa filamu ya kwanza, akaibandika ya pili, iliyotokana na mchoto mwingine. Safari hii alisoma polepole, kidole chake kikifuata kila kidato. Emmaculate aliandika kwenye upande wa pili wa karatasi bila kuutazama wa kwanza. Yalitoka maneno yale yale, na mwisho wake pale pale.

Nyumba ile, ya mama Mkisii na baba Mjaluo, ilikuwa imelea watoto wake kwa Kiswahili. Kama Levis angesema neno nyumbani, angelisema hivyo.

“Tutamwambia limefutika,” akasema Elkana. Alisema haraka, yeye aliyekuwa hasemi uongo, na uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. “Nitasema mimi. Dhambi iwe yangu. Akijua haya, shemeji, hatazika kitu milele. Atasema mwanawe anazungumza. Utazeekea uani kwake.”

“Najua.”

“Basi?”

“Basi niache nifike nyumbani. Jua litanitangulia.”

Njia nzima alijipangia uongo ule. Ulikuwa mfupi, na ulikuwa na rehema ndani yake. Ungemfikisha kwa mama yake kabla ya Jumapili. Aliufikisha salama hadi mlango wa jikoni. Nyakerario alikuwa ameketi chini ya kibuyu, mikono mapajani, akiwa na subira ya mtu aliyezoea kusubiri.

“Elkana amesoma?”

“Amesoma.”

“Jina limo?”

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini maneno yale mengine yalikuwa ya mtu, na mtu yule alikuwa na mama, na huyu hapa alikuwa akimtazama. Emmaculate alifikiri: mtu akinizuilia neno la mama yangu lililotoka Magunga, hata liwe neno moja, nitamsamehe?

“Limo,” akasema. “Na limo jingine asiloandika Elkana. Linasema: nasikia baridi.”

Nyakerario hakutikisika.

“Amesema hivyo? Kwa Kiswahili?”

“Kwa Kiswahili.”

“Hakuniita?”

“Hakukuita, Mama. Hakumwita mtu. Ni hayo tu.”

Mwanamke yule alisimama, akakitungua kibuyu, akakipapasa ubavu wote kama apapasavyo mtu kipaji cha mtoto mwenye homa. Kisha akaingia chumbani, akatoka na blanketi nene la kitanda chake, akakifunga kibuyu tangu shingo hadi chini, akakilaza kando ya jiko, akaongeza kuni. Emmaculate aliona hayo, akajua kwamba ameshindwa. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, na huko alimlilia mama yake kimya kimya, kama aliyekwisha kufa.

Asubuhi alikuta blanketi limeanikwa kambani. Lilikuwa linadondoka maji. Halikuwa limefuliwa, harufu ya majani ya ziwani ilijaa ua mzima, na kuku walikuwa wamejikusanya mbali nalo. Nyakerario alikuwa ameketi mlangoni, kibuyu kilichovuliwa blanketi mikononi, macho mekundu ya moshi.

“Nimelilisha moto lile jiko mpaka kuni zimekwisha,” akasema. “Nimemkumbatia hapa kifuani. Shika.”

Emmaculate alikuwa hajakishika tangu siku kile kichupa kilipomiminwa ndani yake. Aliweka kiganja, akakiondoa. Baridi ile haikuwa ya kitu kilicholala kando ya moto. Ilikuwa ya mahali pasipofikiwa na jua.

“Mtoto akisema anasikia baridi,” akasema Nyakerario, “hufunikwa. Nimemfunika kwa moshi, nimemfunika kwa blanketi, nimemfunika kwa mwili wangu huu. Na mimi mjinga, kila asubuhi namwongezea maziwa ya kumlowesha. Hajasema anataka kurudi. Ungekuwa umenidanganya, ungesema anataka kuzikwa. Umeniambia lisilokufaa, ndiyo maana nimeamini. Nenda ukamwite shemeji yangu, yule mwenye matunda yake.”

Nicanor alikuja, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. Tunda la yago lilipatikana bondeni, refu kuliko yote aliyopata kuyaona. Wakalivika shuka jeupe. Vijana wawili walioinama kulinyanyua waliinuka mikono mitupu, wakatazamana. Walihitajika wengine wawili. Elkana alishika upande wa kichwani.

Walipokwisha kulilaza, Nyakerario alikaribia ukingo, akazibua kibuyu, akamimina. Maziwa yalishuka meupe juu ya shuka jeupe, hayakusambaa wala hayakufanya kidimbwi. Udongo uliyanywa papo kwa papo, kwa mkoromo mdogo uliosikiwa na kila aliyekuwa hapo. Hakubakiza kidogo chini. Alikikung'uta kibuyu mpaka tone la mwisho, akakilaza nacho kaburini, akasema, “Funikeni. Funikeni vizuri, pasiwe na upenyo.” Akasimama pale mpaka jembe la mwisho, akiwaonyesha kwa kidole palipo na ufa.

Wakamlilia Levis kama mtu, na wanawake wa ukoo wakamnyoa Emmaculate nywele, wakamtoa uani kwa mkono.

Alifika Magunga kesho yake jua likiwa juu. Liz alikuwa nje akianua nguo. Alimwona, akaziachia zikaanguka. Mlango ulikuwa wazi, na ndani mlikuwa giza baada ya mwangaza wa nje. Emmaculate alisimama kizingitini, akasikiliza kwanza, pumzi ameibana, mpaka akahakikisha kwamba mle ndani anapumua mtu mmoja tu.

“Ni nani hapo mlangoni?” ikauliza sauti dhaifu kutoka kitandani.

“Ni mimi, Mama. Emmaculate.”

“Mbona umesimama? Ingia.”

Akaingia.